Kopi Mbili za Mukai

Duka la Norman la kutoa kopi, pale katikati ya jiji, lilifurika wateja Jumamosi hiyo. Mara akaingia msichana mrefu wa sweta ya manjano, uso kaukunja.

"Ni wewe ulitia waya hiki kitabu?" akauliza. "Hebu fungua."

Norman akafungua. Ukurasa wa mwisho huo.

"Kiarabu huanzia kulia, bosi! Waya umeutia upande usio wake. Darasa zima limenicheka."

"Pole, mrembo. Nitakirudia bure. Lakini nifundishe kidogo, nisikosee tena."

Aliitwa Mukai, akikaa Kinoo na mama yake, kazi yake kumtunza nyanya mmoja huko Loresho. Akaketi, hasira ikaanza kupoa.

"Herufi ni tatu tu: k, t, b. Unazivisha nguo tofauti. *Kataba*, aliandika. *Katabtu*, niliandika. *Kaatib*, mwandishi."

"Kumbe kitabu na katibu ni ndugu!"

"Tumbo moja!" Mukai akacheka, na moyo wa Norman ukaenda na kile kicheko.

Basi ikawa kila Jumamosi ni chipsi baada ya darasa, Norman kashika kitabu, anamuuliza maswali. Jioni ni simu.

"*Katabtu*, kipenzi."

"Umeandika nini, mwongo wewe?"

Kiarabu ni cha nini, Norman hakuwahi kuuliza.

Mwezi wa nne, Mukai akamtumia karatasi kwa simu: "Nitolee kopi mbili, mpenzi. Nakuja kesho." Norman hakuwa na mazoea ya kusoma karatasi za watu, lakini macho yakaangukia mstari wa juu. Mkataba wa kazi, Amman kwa Waarabu, miaka miwili. Hakusoma zaidi. Kumbe namshikia kitabu ili aniache vizuri! Kopi akamwachia Gichuru wa dukani, kesho yake hakufika kazini, na simu za Mukai hakuzipokea wiki mbili nzima.

Jumapili ya tatu yakamshinda. Akapiga pasi shati lake la buluu, huyo Kinoo. Mukai akafungua geti, leso kichwani, macho mekundu.

"Umekumbuka njia?"

Norman akamshika mkono. "Usiende, Mukai. Nataka kukuoa."

"Kopi mbili, Norman. Moja yangu, moja yako. Nilitaka tusome pamoja, uniambie niende au nikae. Pale chini hapakuwa na sahihi. Hukuona?"

Norman akatikisa kichwa.

"Nimengoja neno lako wiki mbili. Juzi nikasaini. Nasafiri Alhamisi."

"Basi nitakungoja."

"Sijakuambia ungoje," akasema, machozi yakimtiririka. Lakini mkono wake hakuuondoa, mpaka mama yake alipomwita ndani mara ya tatu.