Maziwa ya Jioni

Zamani, katika boma la Mzee Kigen karibu na mji mdogo wa Ziwa, maziwa ya asubuhi yalikuwa ya mzee. Maziwa ya jioni yalikuwa ya mkewe, Jelagat. Hayo hakuna mwanamume aliyeyagusa. Jelagat aliwauzia majirani, akanunua chumvi na madaftari ya watoto. Alikuwa akiimba anapokamua. Mzee alipenda kumtania kwamba ng'ombe wanatoa maziwa haraka ili anyamaze. Siku hizi angetoa chochote ausikie tena wimbo ule.

Jelagat alifariki. Baadaye chama cha maziwa kilileta mtambo wa kupoza, kikaanza kununua hata maziwa ya jioni. Yote yakaandikwa jina moja: Kigen.

Kisha Mzee alianguka akavunjika nyonga. Binti yake Jeruto aliacha kazi ya ushonaji mjini Eldoret, akaja kumtunza. Alimpikia, alimwogesha, alimshika mkono Mzee akijifunza kutembea upya. Asubuhi na jioni alikamua ng'ombe. Watu walipomuulizia, Mzee alisema, "Jeruto yuko tu nyumbani."

Siku moja Jeruto alimwambia, "Baba, bosi wangu ameniita. Mwisho wa mwezi narudi kazini."

Mzee alishtuka. "Na mimi je? Hapa unakosa nini? Si unakula, unalala?"

"Hata sabuni ya kuoga ninaomba, Baba." Jeruto alichukua ndoo, akaenda kukamua.

Jirani yao Mideva, muuguzi mstaafu, alikuwa amekuja kuangalia mguu wa Mzee. Aliyasikia yote.

"Mzee, Wangila anakukatia nyasi. Unamlipa?"

"Kila mwezi, Sista. Ni mfanyakazi wangu."

"Na anayekamua?"

"Huyo ni mtoto wangu. Anasaidia tu."

"Akienda, utatafuta wa kukamua, wa kupika na wa kukuogesha. Hao pia watakusaidia tu?"

Mzee alitazama nje, Jeruto alikokuwa akikamua.

"Kutunza mtu ni kazi," Mideva alisema. "Tunaiona ya bure kwa sababu inafanywa na wanawake. Hata sheria inasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa, awe mwanamume au mwanamke. Mama Jeruto alikuwa na maziwa yake ya jioni. Ya Jeruto yako wapi?"

Mzee alimkumbuka mkewe, akaona haya.

"Yako kwa akaunti yangu," alisema polepole.

Kesho yake alikwenda ofisi ya chama cha maziwa na mkongojo wake, Jeruto akiwa kando. Alitaka binti yake aandikishwe mwanachama na maziwa yote ya jioni yawe yake. Kutoka kwa maziwa ya asubuhi, yeye mwenyewe angemlipa mshahara kila mwezi kwa kumtunza.

Karani alitabasamu. "Mzee, umempatia binti zawadi kubwa."

"Si zawadi," Mzee alisema. "Ni malipo yake. Nimechelewa kumlipa."

Jeruto aligeuka, akapangusa macho.

Pesa za kwanza zilipoingia, alilipia cherehani. Sasa anashona sare za shule barazani, Mzee akipumzika. Bosi wake alipompigia simu, Jeruto alimwambia haji.

"Kwa hivyo unakaa?" Mzee aliuliza.

"Mpaka utembee bila mkongojo. Halafu tutaongea."

"Mambo ya mshahara pia?"

"Hayo ndiyo tutaanza nayo, Baba."

Mzee Kigen alicheka mpaka nyonga ikamuuma.