Blanketi la Kupanda Mau Narok

Asubuhi za Julai, Nakuru huamka polepole. Ukungu hulala juu ya ziwa, na ukiangalia kutoka kwetu mtaa wa Shabab huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mimi huketi kwenye veranda nikingojea jua lifike miguuni. Mjukuu wangu Wachuka huniletea chai, tunazungumza kidogo, kisha anaenda kufungua duka lake.

Duka hilo sijawahi kuingia. Hakuna anayeweza kuingia. Halina mlango, halina rafu. Liko ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe si yake, ni ya saiba, kile chumba cha kukodi mtandao kilicho karibu na soko.

Wachuka alinieleza hivi. Mkenya aliye ng'ambo anataka kumtumia mama yake blanketi. Anafungua duka la Wachuka kwa mtandao. Anaona picha, anachagua, analipa huko huko aliko. Wachuka naye anampigia simu muuzaji wa jumla. Muuzaji huyo anafunga blanketi na kulipeleka moja kwa moja kwa yule mama. Wachuka haligusi. Halioni hata.

"Kwa hivyo unauza vitu ambavyo huna," nikamwambia.

"Ndio, Shosho. Ndio biashara ya siku hizi."

Neno hilo lilinikaa. Nikisinzia pale juani, nilikuwa naona mablanketi yakitembea yenyewe barabarani. Yamejikunja vizuri, yanauliza njia kwa adabu. Moja lilikuwa likipanda mlima peke yake mpaka ukungu ukalimeza. Nikaamka nikicheka.

Muuzaji wa jumla ambaye Wachuka alimpata alikuwa Nairobi. Alimpata kwa mtandao pia. Picha zake zilikuwa nzuri sana. Wachuka alimuuliza kama blanketi ni la sufu. Akasema hakuna shida. Akamuuliza kama anaweza kufikisha mzigo vijijini. Hakuna shida, madam. Mpaka Mau Narok? Hakuna shida kabisa. Siku moja niliisikia sauti yake kwenye simu. Ilikuwa tamu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchoka.

Mteja wa kwanza aliitwa Chepkemboi. Ni nesi huko Uingereza. Mama yake anaishi Mau Narok peke yake, juu kule kwenye mashamba ya ngano, ambako baridi ya Julai huingia mpaka kwenye mifupa. Mwaka huo wa 2008 ulianza vibaya kwetu sote. Wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, Chepkemboi alikuwa akisikia sauti ya mama yake kwenye simu tu, na hangeweza kuja. Sasa alitaka mama apate kitu cha kushika. Akachagua blanketi jekundu, zito.

Siku moja Wachuka alirudi nyumbani mapema. Akaketi kwenye ngazi na hakuvua sweta. Nikamngoja. Mtu mwenye jambo hakimbizwi.

Mwishowe akanieleza. Dereva wa yule jamaa wa Nairobi hakupanda Mau Narok. Mwaka huo madereva wengi walikuwa na barabara walizoziogopa. Aliacha mzigo kwenye kibanda kule chini Njoro na kuondoka. Mama wa watu akashuka mwenyewe kuuchukua. Karatasi ilikuwa imeloa mvua. Blanketi lilikuwa jembamba mpaka ukiliinua unaona mwanga upande wa pili, na rangi yake ilichafua shuka.

"Lakini hayo sio yanamuuma Chepkemboi," Wachuka akasema. "Mama yake alimpigia kumshukuru. Akamwambia, asante mtoto wangu, sikulaumu, mtu akikaa mbali husahau baridi ya kwao."



Chepkemboi hakutaka kurudishiwa pesa. Alitaka blanketi lingine, lile la kwenye picha, na lifike kabla Agosti haijaisha. Likikosea tena, angewaambia wenzake wote wa huko wasiguse duka hilo. Na hao wenzake ndio wateja ambao Wachuka alikuwa anawategemea.

"Na yule jamaa wa Nairobi anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hakuna shida."

Jirani yetu Parminder alikuwa upande wa pili wa ua akichuma dhania. Tunamwita Mama Sandeep. Watu wa mume wake waliuza vitambaa mjini tangu mimi nikiwa msichana. Ua wetu ni mfupi na unasikia kila kitu. Akazunguka, akaingia na dhania yake mkononi, akaketi bila kuambiwa.

"Wachuka, huyo mtu umemwona?"

"Hapana, Aunty."

"Godauni yake?"

"Sijaiona."

"Blanketi lake umelala nalo hata siku moja?"

Wachuka akacheka bila furaha. "Aunty, biashara hii si ya kuona. Ndio maana iko kwa mtandao."

"Asiyeona ni mteja," Mama Sandeep akasema. "Ananunua bila kuona kwa sababu anaamini wewe umeona. Usipoona wewe, nani ameona?"

Halafu akaanza kueleza, polepole, huku akichambua dhania kwenye kanga yangu. Usiwe na muuzaji mmoja tu, tafuta wawili au watatu uwapime. Waulize watu ambao tayari wananunua kwake. Enda godauni ukaangalie mali ikiwa imepangwa. Muulize kitu kikiwa na kasoro, nani anakirudisha na kwa gari la nani. Na kabla hujamuuzia mtu yeyote, nunua kimoja wewe mwenyewe kama mteja wa kawaida. Usimwambie kwamba unampima.

"Na jambo lingine," akasema. "Ukiongea naye, sikiza anakataa nini. Yule anakubali kila kitu hajafikiria kazi yako hata dakika moja."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mteja wa duka la mjukuu wangu. Wachuka aliagiza mablanketi kwa wauzaji wawili wa hapa Nakuru, yote kwa jina langu, yaletwe Shabab. Mimi kazi yangu ilikuwa kungojea.

Kumbe kungojea ni kazi. Kila gari likipunguza mwendo moyo unainuka. Nilikuwa nikimfikiria mama wa Mau Narok, ambaye simjui, akisimama mlangoni kwake vivyo hivyo akiangalia barabara.

Blanketi la kwanza lilichelewa, na tukipiga simu haishikwi. Lilipofika, nilikuwa nimeagiza la buluu nikaletewa la kijani. La pili lilitoka kwa Mzee Harbans, mwenye godauni upande wa viwandani. Lilifika siku ile tuliyoambiwa, limefungwa ndani ya nailoni nzito, na ni jekundu kama nilivyotaka.

Mama Sandeep alitufundisha kulipima. Tulivuta uzi mmoja kutoka kila blanketi, tukauwasha kwa kiberiti juu ya sahani. Uzi wa lile la kijani ulijikunja ukawa tone gumu jeusi. Hiyo ni nailoni. Uzi wa Mzee Harbans ulinuka kama nywele zilizoungua, ukawa jivu, ukasagika vidoleni. Hiyo ni sufu. Tukaliosha lake kwenye karai, maji yakabaki safi. Lilipokauka nilijifunika mchana, mvua ikinyesha juu ya mabati. Nikaota niko kwenye shamba la ngano lisilo na mwisho, upepo unapita, na mimi sisikii baridi.

Nilipoamka nikamwambia Wachuka, "Twende tukamwone huyo mzee."

Mzee Harbans alivaa kilemba cha buluu, na miwani ameiinua mpaka kwenye paji la uso. Mablanketi yake yalipangwa mpaka juu, na sakafu ilikuwa kavu. Wachuka akamuuliza kuhusu vitu vya kurudisha. Akajibu kwamba kasoro ikiwa ya blanketi, analichukua kwa gari lake. Lakini mteja akibadilisha nia tu, gharama ya gari ni ya Wachuka.

"Na Mau Narok mnafika?"

Mzee akashusha miwani, akamwangalia. "Hapana. Gari langu linaishia Njoro."

Wachuka akanywea. Tukaaga, tukatoka. Nje akaniambia, "Shosho, tumepoteza wakati. Tutafute anayefika."

"Yule wa Nairobi alisema anafika," nikamwambia.

Akasimama pale kwenye vumbi la malori. Nikamwona akifikiria.

"Huyu mzee amekukatalia," nikasema. "Sasa unajua kazi yake inaishia wapi. Iliyobaki ndiyo ya kutafutia mtu."

Akarudi ndani. Mzee Harbans hakushangaa. Akasema wenye maduka wa Mau Narok hutumia pikapu ya Kemboi. Kemboi hushuka Njoro na viazi, na akipanda gari huwa tupu, ndipo hubeba mizigo yao. Wachuka aliuliza majina ya maduka hayo, akapiga simu, akasikia kwao wenyewe. Hata hivyo hakumpa Kemboi blanketi mara moja. Alimtumia kwanza pakiti ya majani chai kwa gari la Mzee mpaka Njoro, apeleke kwa duka moja huko juu. Siku iliyofuata Kemboi alipiga simu kabla hajaulizwa.

"Madam, juu kumenyesha, barabara ni matope matupu. Mzigo wako utafika kesho, sio leo."

Ukafika kesho yake, mkavu.

Wakati huo Wachuka alienda saiba akabadilisha duka lake. Aliondoa zile picha nzuri za yule jamaa wa Nairobi. Akaweka picha ya blanketi lenyewe likiwa kwenye kamba yetu ya kuanikia, na rangi yake ya kweli. Chini yake akaandika sehemu ambazo mzigo unafika, na sehemu ambazo haufiki. Niliogopa kwamba watu watakimbia wakisoma haufiki. Hawakukimbia. Walianza kuuliza maswali.

Blanketi la Chepkemboi lilitoka kwa Mzee Harbans, likashushwa Njoro, likapanda na pikapu ya Kemboi. Agosti ilikuwa haijaisha. Baada ya siku chache barua ikaja kwa kompyuta. Chepkemboi alisema amelipata alilotaka, na wauguzi wenzake wanataka kuagiza. Wachuka hakukimbilia kukubali. Mmoja alitaka kutuma jiko mpaka mtaa wa Kihoto, na Wachuka akamjibu kwamba hajapata muuzaji wa majiko aliyempima, angoje kidogo.

Kemboi mwenyewe tulimwona aliposhuka Nakuru kuuza viazi. Alipita kwetu, akaketi kwenye veranda, nikamtilia chai. Wachuka akamuuliza jinsi yule mama alivyolipokea.

Akasema mama alilifungua mbele yake. Alilikandamiza shavuni, akakaa hivyo. Halafu akamwekea Kemboi chai, akaanza kumweleza habari za binti yake. Kwamba alipokuwa mdogo alikuwa mtoto wa baridi, na usiku alikuwa akimwekea mama miguu yake mgongoni ipate joto. Aliongea mpaka chai ikapoa, na bado akawa anaongea.

"Na sisi?" Wachuka akauliza. "Aliuliza limetoka duka gani?"

Kemboi akatikisa kichwa. "Hapana. Anajua ni msichana wake amelikunja kwa mikono yake huko ng'ambo."

 Wachuka akamwongezea chai.

"Usimwambie," akasema.