Viatu Mlangoni kwa Okiku

"Taib asema kule Kobe ulikuwa ukila kwa mwanamke mmoja, kila jioni. Ni kweli?"

"Ni kweli, Ami," Yeslam akajibu, tena kwa uso mkunjufu. "Kwa Bi Okiku. Na mkono wake ni mtamu, wallahi. Siku nisiyokwenda, kesho yake aniuliza nilikuwa wapi."

Ami Amin alikishusha kikombe cha kahawa taratibu. Huyu ami yake Jawahir alikuwa mzee mwenye haya nyingi, na swali lile alikuwa amelizungukia tangu asubuhi ndipo likamtoka. Alitazamia kijana akane, au angalau ainamishe uso. Kumbe mwenzake anatabasamu kama mtu aliyekumbushwa sikukuu. Mzee akasema ana haja ya mjini, akajifunga kilemba chake vizuri na kuondoka, akamwacha Yeslam peke yake barazani na buli la kahawa.

Juu, nyuma ya vibao vya dirisha, Jawahir, mchumba wake Yeslam, alikuwa amesikia kila neno. Alijikuta amekaa chini sakafuni bila kujua amekaa saa ngapi. Miaka minne alikuwa amemngoja mtu huyu, akakataa posa za watu wa maana, akawakera mashangazi zake. Leo mtu mwenyewe amekiri kwa kinywa chake, na kwa furaha juu yake.

Mambo yalikuwa hivi. Yeslam na Jawahir walikuwa wamekwisha kuposana pale Tayebali, mfanyabiashara wa Ndia Kuu, alipofungua ghala la hariri na vyombo vya kaure huko Kobe, mji wa bandari wa Japani. Alitaka mtu mwaminifu wa kulilinda. Yeslam akaenda, kwa ahadi kwamba akirudi ni harusi. Amerudi wiki hii. Lakini Taib alimtangulia.

Taib ni jirani yao, mtia makaa kwenye tanuri za meli. Meli yake ilitia nanga Kobe, akaenda kumtafuta Yeslam, akamwona kwa macho yake. Viatu vyake mlangoni kwenye nyumba ya mwanamke, mwenyewe ameketi mkekani, na mwanamke amepiga magoti yuwampakulia. Tena mlangoni palikuwa na mitalawanda, ile ya mbao tunayovaa majumbani mwetu kwenda kuogea. Nani atakayeiacha mitalawanda yake kwa mtu asiye wake? Mombasa jambo hilo halihitaji kufafanuliwa. Laiti Taib angekuwa mbea, Jawahir angemtemea mate akaendelea na shughuli zake. Ubaya ni kwamba Taib hajawahi kusema uongo maishani mwake.

Mwanamume kuwa na mke mwingine si ajabu ya dunia. Kwa nyumba hii lakini lilikuwa jeraha. Babake Jawahir alisafiri kwenda Mukalla, Arabuni, mara tatu, kila mara akirudi na tende na hadithi nzuri nzuri, na mara ya nne hakurudi, alifia huko. Siku ya matanga yake ndipo mamake, Bi Alawiya, alipojua kuwa marehemu ana mke na watoto huko. Alilia vilio viwili kwa pamoja, wala hakujua kipi ni cha nini. Jawahir alikuwa mdogo, lakini aliona. Akajiapia kwamba atakayemwoa yeye asiwe na mkeka mwingine ng'ambo ya bahari.

Jioni Ami Amin akaleta shauri lake. Faraj wa Kuze ameposa tena, na safari hii ataka jibu Ijumaa baada ya sala. Faraj hakuwa na ubaya wowote. Ila siye Yeslam.

"Mwiteni Yeslam," Jawahir akasema. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Mamake akamwambia si adabu, hata kidogo. Jawahir akajibu kwamba atakaa nyuma ya pazia, na mama akae upande wa mgeni, amtazame macho. Bi Alawiya akaguna. Kuguna kwake ndiyo kukubali.

Alhamisi baada ya alasiri Yeslam akaja, amevaa kanzu mpya, mkononi ana bahasha ya halua. Hakuwa na habari hata chembe. Alimwamkia Bi Alawiya, akaulizia hali ya nyumba nzima, akakaa, akameza tonge la halua. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Okiku ni mkeo?"

Halua ikampalia. Alikohoa hadi Bi Alawiya akalazimika kumpa maji.

"Mke wa nani?"

"Wako. Jana ulimjibu Ami."

"Jawahir, Bi Okiku ni muuza chakula. Nyumba yake ni mkahawa. Watu waja, wala chakula, walipa, waenda zao."

Bi Alawiya akaingilia, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya uchovu. "Mwanangu, mimi si mtoto. Sokoni kuna wauza mbaazi, na wauza kahawa wamejaa mji mzima. Hebu niambie ni nani avuaye viatu kwenda kununua mbaazi, akaketi mkekani, na muuzaji akampigia magoti."

Kwa mara ya kwanza Yeslam aliyaona mambo kama wanavyoyaona wao. Alijua kuwa anasema kweli, na alijua kuwa kweli ile, hapa Mombasa, inanuka uongo mtupu.

"Nisimulie mji huo," Jawahir akasema. "Wote. Nitembeze. Ukiruka mahali, nitajua."

Basi akamtembeza. Alianza bandarini, mahali milima inapousukuma mji hadi miguu yake yagusa maji. Akampandisha kilimani kwenye maporomoko ya maji, ambako vizee wanakodisha kivuli na vikombe vya chai isiyo na sukari wala maziwa, na mtu anakunywa huku anarushiwa manyunyu usoni. Akampitisha kwenye mtaa wa taa za karatasi, nyekundu na nyeupe, zinazowashwa kabla giza halijaingia. Alimwonyesha mwuza tambi aliyebeba jiko lake begani kwa mti, huku akipuliza filimbi ili watu watoke na bakuli zao.

"Na tambi zao si za sukari kama zetu," akasema. "Ni za mchuzi wa samaki. Wazifyonza kwa sauti. Usipotoa sauti, mpishi adhani hukupenda."

"Hata wanawake?"

"Hata bibi zao."

Nyuma ya pazia palisikika kitu kama kicheko kilichozibwa kwa mkono. Yeslam akapata nguvu. Akamweleza samaki mkunga, anavyopasuliwa na kuchomwa juu ya makaa, akipakwa mchuzi mweusi wa maharage wenye utamu wake, mpaka moshi wake unamshika mpita njia shati. Akamtajia wali wa baridi uliofinyangwa na kuvikwa mwani, na maziwa ya maharage yaliyogandishwa, laini, yasiyo na ladha mpaka uyatilie kitu. Akasema wanampenda pweza sawasawa na watu wa hapa. Na siku za baridi kali huuzwa viazi vitamu vilivyookwa kwenye mtungi wa udongo.

"Vile vile vyetu?"

"Vile vile. Siku ya kwanza nilikinunua kimoja nikasimama nacho njiani, nikalia. Sikukila mpaka kikapoa. Nilikuwa nakuwaza wewe. Kila nilichokula huko, Jawahir, nilikiwekea maneno ya kuja kukwambia. Ndiyo maana jana nilimjibu Ami nikicheka. Nilidhani hatimaye mtu aniuliza."

Jawahir aliushika ukingo wa pazia. Alimpenda, na alijua anampenda, na ndilo lililomtia hofu. Mamake naye alipenda hadithi nzuri.

"Chakula chote hicho cha njiani," akasema polepole. "Kwa nini basi kila jioni kwake?"

"Kwa sababu ya nguruwe."

Bi Alawiya akasema audhubillahi.

"Nilikuwa naogopa kula nisichokijua. Lugha sina. Nikawa naingia kila mlango, naonyesha chungu, natoa mlio wa nguruwe, kisha natikisa mikono kwamba sitaki. Walinifukuza wakidhani nina wazimu. Bi Okiku alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akanifunulia vyungu vyake kimoja kimoja, nitazame. Samaki, mboga, samaki. Tangu siku hiyo sikula kwengine jioni."

Bi Alawiya alikuwa ametazama chini, anakunja upindo wa leso.

"Babako naye," akamwambia binti yake, kana kwamba Yeslam hayupo, "alikuwa msimulizi."

Hilo ndilo lililokuwa limekaa kooni mwa Jawahir mwenyewe, na kulisikia likitamkwa kukamwamsha. Maneno ya Yeslam hata yangekuwa matamu vipi, ni ya Yeslam. Lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama mlangoni pale.

"Mama, mwite Taib."

Taib alikuja akiwa na shati la kazi, akakaa mbali na Yeslam. Tangu Yeslam arudi alikuwa akimkwepa. Alisema atarudia alichokiona, asizidishe wala asipunguze, na akakirudia. Viatu, mkeka, magoti.

"Uliingia ndani?" Jawahir akauliza.

"Sikuingia. Niliogopa harufu, nikadhani ni nguruwe. Nilisimama nje kungoja wamalize."

"Wamalize akina nani? Hukusema Yeslam peke yake?"

"Nilisema nilimwona Yeslam, maana ndiye mlioniuliza. Watu walikuwako."

Bi Alawiya akainua kichwa.

"Na hiyo mitalawanda mlangoni," Jawahir akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, "ilikuwa jozi moja?"

"Moja? Ilijaa. Nilikosa hata pa kusimama."

"Ya wanaume?"

"Ya wanaume, mikubwa. Kule waivaa njiani, si chooni. Mji mzima walia ko, ko, ko."

"Wenyewe walitoka?"

"Walitoka. Kila mmoja atoka, avaa yake, aenda zake. Na wengine wakaja wakavua."

"Na yule mwanamke aliwafanyaje walipotoka?"

Taib akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ndiyo sifa yake. "Aliwainamia."

"Mmoja wao?"

"Wote. Mpaka chini, vile vile alivyomwinamia Yeslam. Na wote walimwachia senti kwenye kisahani." Uso wake ukaanza kumbadilika. "Hata mimi aliniinamia, na mimi sikula kitu."

Yeslam alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake miwili. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, na Bi Alawiya hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

"Taib, mwanangu," Bi Alawiya akauliza kwa upole mkubwa, "huyo mama ni mtu wa umri gani?"

"Mvi tupu. Ana mgongo hivi."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, Bi Alawiya."

Bi Alawiya alicheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Alicheka mpaka akaiondoa leso kichwani kujifutia macho, na kati ya kucheka akalia kidogo, kisha akacheka tena. Nyuma ya pazia Jawahir alikuwa ameegemea ukuta. Alihisi kama mtu aliyetua mtungi wa maji aliokuwa ameubeba tangu utotoni. Hakuwa na neno la kusema ila alhamdulillahi, akalisema, na akalirudia mpaka Yeslam akamsikia.

"Jawahir," akaita. "Umenisadiki?"

"Nimemsadiki Taib," akajibu. "Wewe nilikuwa nakupenda tu. Ni mambo mawili."

Taib aliomba radhi, mkono wa Yeslam ameushika kwa mikono yake yote miwili. Yeslam akamwambia hana kosa, alisema alichokiona. Kosa ni la wao wote, waliodhani mlango wa Kobe una desturi za mlango wa Mji wa Kale. Usiku haujaingia, Ami Amin akawa amepashwa habari. Mzee akakiri kwamba laiti angeuliza neno moja wazi, yote haya yasingekuwa. Ijumaa baada ya sala alimpa Faraj jibu lake, kwa heshima zote. Jibu la pili akampa Yeslam, na lile halikuhitaji maneno mengi.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Ndoa ilisomwa msikitini, na bwana harusi akaletwa mpaka nyumbani kwa Bi Alawiya kwa nyimbo na ubani. Mlango wa chumba cha bibi harusi ukafungwa, kama ada ilivyo, na Mwanarusi, somo wake Jawahir aliyemfunda, akausimamia apate haki yake kabla ya kumpitisha mtu. Yeslam alimtunza, akamwongeza. Mwanarusi akaridhika, mkono umeshafika kwenye komeo.

"Ngoja," Jawahir akasema kutoka ndani. "Somo, mtazame amevua viatu?"

"Amevua."

"Hapo mlangoni kuna viatu vingapi?"

Wanawake ukumbini walianza kucheka, maana hadithi ilikuwa imeuzunguka mji mzima. Mwanarusi akainama, akatazama kwa makini kama hakimu, wala hakufanya haraka.

"Jozi moja, mwanangu. Na ni vya mwanamume mmoja."

"Basi mfungulie," Jawahir akasema. "Amefika kwake."