Tathmini ya Namba Nane

Lori la mbuzi la Kusow lilikuwa limeshatoka kituo cha mafuta na kushika barabara ya kuelekea Nairobi wakati msichana mmoja alipotokea akilikimbiza. Alikuwa bado na shati la bluu la kazi, lile la watu wa pampu, lakini chini amevaa kaptura ya mpira na soksi ndefu. Viatu vya kuchezea vilikuwa mkononi. Asubuhi hiyo Mtito Andei ilikuwa imejaa malori ya Mombasa, na madereva walimpigia honi kama mtu anayekimbia mbio za dunia.

Nyuma ya lori, kati ya wachezaji na mashabiki wa Ndovu Queens, timu ya mpira ya wasichana wa hapo, alikuwa amesimama Nthiwa. Aliinama akanyosha mkono.

"Panda, ama unataka tukupigie simu tukwambie tumefungwa ngapi?"

"Shika hizi viatu kwanza," msichana akasema, akihema.

"Kwani viatu ndio vinacheza?"

"Shika."

Akashika viatu, halafu akashika mkono. Alipomvuta ndani alinusa petroli na sabuni, na kwa muda mfupi harufu ya mbuzi, ambayo haikutoka kwenye lori lile hata lioshwe vipi, ikamtoka kichwani. Msichana alikaa juu ya gurudumu la akiba, akavua shati la kazi. Ndani alikuwa na jezi, namba nane mgongoni. Jina lake Kalekye, mtu wa Kyuso, mgeni hapo Mtito, na kocha alikuwa amemwona akipiga danadana nyuma ya pampu.

Walienda Nunguni, kule juu kwenye ukungu, wakacheza na meno yanagongana kwa baridi, wakashinda.

Sasa huyu Nthiwa lazima nimweleze. Alikuwa fundi wa magurudumu kando ya barabara kuu, mtu mrefu, mikono myeusi ambayo sabuni ilishindwa nayo. Hakuwahi kucheza mpira popote. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo Mtito nzima iliijua. Timu ikifungwa, hasemi neno. "Aliyefungwa ameshajiambia," angesema, na kuenda zake. Timu ikishinda, hapo ndipo angesimama na kuwapitia wachezaji mmoja mmoja, kuanzia kipa, mbele ya kila mtu. Ushindi, alisema, ni kama rangi mpya kwenye gari kuukuu. Unaficha kutu.

Basi lori likiteremka kutoka Nunguni, Nthiwa akasimama, mkono mmoja kwenye chuma.

"Falis, ile penalti uliokoa, Mungu akubariki." Falis alikuwa kipa, binti wa Kusow mwenye lori. "Lakini ile kona ya kwanza ulitoka kama mtu ameitwa jikoni na mama yake, akafika akasahau ameitiwa nini."

Falis akafunika uso kwa ushungi wake akicheka. Nthiwa akaendelea, mbili, tatu, mpaka saba. Kisha akageukia gurudumu la akiba.

"Namba nane. Wewe unaona mbali. Pasi ya bao la pili sijaona kama hiyo hapa kwetu. Lakini mpira ukikujia unaupokea kama umepewa sufuria ya moto. Na ukishatoa pasi nzuri, unasimama kuiangalia. Mpira si picha ya harusi."

"Na wewe unacheza namba ngapi?" Kalekye akauliza.

"Mimi? Mimi naziba pancha."

"Basi ziba na hiyo mdomo."

Lori zima likaangua kicheko. Nthiwa alicheka kuliko wote.

Jioni hiyo simu ya Kalekye ililia akiwa anakamua soksi.

"Hallo, nani?"

"Ni fundi. Mdomo imezibwa. Nimepiga kuripoti."

"Namba umetoa wapi?"

"Kwa kipa wako. Anaokoa penalti, siri hawezi."

Kalekye akanyamaza ili asisikike anacheka. Alisikika.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi baada ya mechi Nthiwa alimpigia, akampa tathmini ya pili ambayo watu wengine hawakuisikia: vile alivyokunja soksi, vile alivyoinua mkono kuomba mpira. Akiwa na kazi nyingi alimtumia sauti kwenye simu, na nyuma ya sauti ulisikia malori yakipita. Kalekye alizihifadhi zote. Mchana alivuka barabara na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, akaketi juu ya tairi wakala pamoja.

"Leo nimepika mimi. Ukiona makosa sema."

"Chumvi imechelewa kurudi nyuma," Nthiwa akasema akitafuna. "Lakini maharagwe yanashikilia katikati vizuri sana, mpenzi."

"Hiyo mpenzi umeisema na mdomo imejaa."

"Ndio isitoroke."

Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyemwambia mwingine wanaelekea wapi. Wakati huohuo mama yake Kalekye, Kalondu, alikuwa anapiga simu kutoka Kyuso na swali moja tu. Una mtu, ama huna mtu? Kama huna, rudi nyumbani, shamba linakungoja, na kuna watu wazuri wanauliza kanisani. Kalekye akawa anasema mtandao ni mbaya.

Ndovu Queens walipofika fainali ya kombe kule Kitui mjini, Kalekye alivuka barabara bila bakuli.

"Mama atakuja Kitui Jumamosi," akasema. "Nimemwambia akae mpaka mwisho, asikie tathmini."

"Asikie? Kwa nini?"

"Vile unasemanga watu. Nataka akusikie ukinisema." Akaangalia kando. "Ananiuliza kama niko na mtu. Nimechoka kumwambia mtandao."

Nthiwa alielewa. Kifuniko cha valvu alichokuwa ameshika kikamponyoka, kikapotea. Lakini wiki hiyohiyo, pale hotelini wanapokunywa chai, Muindi makanika alikuwa amemgeuza wimbo.

"Siku hizi tathmini ni ya huba," Muindi alisema, na watu wakamsikiliza. "Namba nane hakosei tena. Refa anakula muthokoi ya mchezaji. Wewe Nthiwa, utamsema nini? Utasema ana macho mazuri?"

Neno hilo lilimchoma Nthiwa, maana kitu pekee alichokuwa nacho mbele za watu ni kwamba anasema kweli. Akawaza siku nzima chini ya magari. Akamkumbuka babu yake, mzee wa ukoo, mtu wa kusikiliza kesi. Kesi ikiwa ya nyumba yake mwenyewe, mzee hakai kuiamua. Hilo kila Mkamba aliyelelewa na wazee analijua. Hapo Nthiwa akaona njia. Asipomtaja Kalekye kabisa, Muindi atakosa la kusema, na kila mwenye akili atajua: huyu ni wa nyumbani kwake. Aliona ni tamko kubwa kuliko maneno yote. Hakumwambia Kalekye. Alitaka ajionee.

Lori lilipita Kibwezi, likashika ile lami ya Mutomo, likafika Kitui jua likiwa kali. Kalondu alikuwa ameshafika, na gauni la kanisani, sweta ya zambarau juu yake na kitambaa kipya kichwani. Alikaa mechi yote, mkoba magotini. Wapinzani walifunga kwanza. Nzilani, namba mbili, akasawazisha kwa kichwa. Karibu na mwisho mpira ulimfikia Kalekye nje ya boksi. Hakuupokea kama sufuria. Aliutuliza kama mtu analaza mtoto, akapiga, na wavu ukatikisika.

Kombe likaletwa, watu wakaimba, na baadaye wote wakajikusanya nyuma ya lori. Kalekye alikuwa amenawa uso na kufunga leso mpya ya maua. Alimshika mama yake mkono wakasimama mbele kabisa.

Nthiwa akaanza na Falis. Akamsifu, akamkosoa. Nzilani akaambiwa ameruka vizuri lakini akarudi nyuma kama anayeenda kuchota maji bila hamu. Watu walicheka. Tatu, nne, tano, sita. Namba saba akaambiwa mbio anazo, breki hana.

"Namba tisa," akasema Nthiwa.

Watu wakatazamana.

"Umeruka mtu," Falis akasema.

"Sijaruka. Namba tisa, wewe leo ulijificha nyuma ya beki kama mtu ana deni."

Akamtazama Kalekye na kutabasamu kidogo, akingoja aone amemwelewa. Kalekye hakutabasamu. Akaangalia viatu vyake. Kumi akasemwa, kumi na moja akasemwa, tathmini ikaisha.

"Huyo ndiye mtu?" Kalondu akauliza polepole.

"Sina mtu, mwaitu," Kalekye akamjibu mama yake. "Twende nyumbani."

Lori lilipotoka uwanjani Nthiwa alikuwa nyuma, mahali pake, akitazama lango. Gurudumu la akiba lilikuwa tupu.

"Kale yuko wapi?"

"Hajapanda," Falis akamjibu. "Na mkono usinyoshe. Hakuna mtu anakimbia."

Kazi ya pampu Kalekye aliiacha kwa simu. Mvua ilikuwa imenyesha Kyuso na ndengu zilitaka kupaliliwa. Alipalilia na simu mfukoni, waya sikioni, na majirani walidhani anasikiliza mahubiri. Alikuwa anasikiliza sauti za zamani za Nthiwa, malori yakipita nyuma, na pale anaposema mpenzi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Halafu alijikasirikia akang'oa na ndengu pamoja na magugu.

Huko Mtito mtu mwingine aliwekwa kwenye pampu, mwenye shati lilelile la bluu, na kila asubuhi kabla hajazoea Nthiwa alilitazama shati hilo na kusimama. Alipiga simu mpaka akazoea kutojibiwa. Jumamosi moja ikajibiwa.

"Tumeshinda," akasema haraka.

"Nani alicheza nane?"

"Ndeti."

"Alichezaje?"

"Sijui."

"Wewe ndio hujui?"

"Nilikuwa naangalia nafasi, Kale. Mtu aliyekuwa ndani sikumwona."

Kuku alisikika upande wa Kyuso, lori upande wa Mtito.

"Mbele ya mama yangu, Nthiwa," akasema, na simu ikakatika.

Ndengu zilipokauka, Nthiwa alifunga kibanda, akavaa shati jeupe na koti la marehemu baba yake, akasafiri mpaka Kyuso. Alimkuta Kalondu na wanawake wa jirani uwanjani kwake, wakipiga ndengu kwa fimbo juu ya turubai. Vumbi lilikuwa limewapaka nyusi.

"Mama, mimi naitwa Nthiwa, wa Mtito Andei."

"Nakujua. Nilikusikia Kitui. Unajua kusema. Ulisema watu wote."

"Hiyo ndiyo imenileta."

"Shika fimbo. Hapa watu huongea wakifanya kazi."

Akavua koti, akapiga.

"Unapiga kama unatafuta nyoka," Kalondu akamwambia. "Pole pole. Haya, sema."

Akasema yote, Muindi na babu na kesi ya nyumbani. Fimbo zilipunguza mwendo moja moja, mpaka zikanyamaza.

"Kwa hivyo ulitoka kwenye kesi," Kalondu akasema.

"Ndiyo, Mama. Kwa sababu ni wa kwangu."

"Ni desturi nzuri. Sasa niambie. Babu yako, siku kesi ilikuwa ya nyumba yake, alitoka vipi?"

Nthiwa akafikiri. Alimwona mzee akiinuka kwenye kigoda chake, akiwatazama watu wote.

"Alisema, 'Hawa ni wangu, natoka.'"

"Ehe. Aliaga. Mzee akitoka bila kuaga, watu hudhani ameenda haja."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakati huo ndipo Kalekye alipoingia na punda wa maji, leso ya maua kichwani, imepauka kwa jua. Alimwona, akasimama, kamba mkononi. Nthiwa aliweka fimbo chini. Vumbi lilikuwa limeshika jasho, lakini akasema kwa sauti ile ya nyuma ya lori.

"Namba nane, fainali ya Kitui. Kipindi cha kwanza ulicheza vizuri. Cha pili uliacha kukaba, kwa sababu kila mara ulikuwa unaangalia mahali mama yako ameketi. Karibu tupoteze kombe. Kuhusu bao lako." Akapangusa vumbi usoni. "Bao lako sikuliona. Ulipoinua mguu nilifunga macho. Mimi sijawahi kufungia mtu macho. Hapo nilijua siwezi tena kukusema kwa haki. Mama, na nyinyi majirani, huyu ni wangu, akikubali. Natoka."

Punda alitikisa masikio.

"Umechelewa," Kalekye akasema. "Mechi ilikuwa ya zamani."

"Nilikuwa naziba pancha."

"Imeziba?"

"Bado inavuja."

Akamtazama vile vumbi limempaka, shati jeupe limekuwa kahawia. Kisha akamnyoshea kamba ya punda.

"Teremsha maji," akasema. "Na usiyamwage."

Walifunga ndoa Kyuso, kanisani kwa Kalondu, baada ya mavuno yaliyofuata. Kalondu bado analima ndengu. Ndovu Queens walikosa kocha na timu ikavunjika. Falis anadaka katika timu moja ya Nairobi. Kusow aliliuza lile lori. Nzilani anafundisha shule huko Nunguni. Muindi ndiye anatoa tathmini Mtito Andei siku hizi, kwenye mechi za wavulana. Anamsifu kila mtu, na watu hawasimami kusikiliza.

Nthiwa anaziba pancha Kyuso, nyingi ni za pikipiki. Anasema kelele za malori humkosesha usingizi kwa kutokuwepo. Kalekye anachezea timu ya hapo, namba ileile, ingawa goti lake moja si zuri. Wakishinda, Nthiwa husimama na kuwapitia kuanzia kipa. Akimaliza saba husema, "Anayefuata ni wangu, natoka," akaenda kusimama nje ya lango, akiwa amewapa mgongo, mpaka mtu amwite arudi aendelee na tisa.