Jiwe Linalokunywa Maji

Kila Jumapili baada ya ibada, Olga alikwenda kuparamia mwamba ulio nyuma ya Misiera, kijiji cha wakimbizi. Ulikuwa mwamba wa mchanga, mrefu kupita paa la nyumba. Mama yake alikubali kwa sharti moja: Anatole, baba wa Olga, asimame chini, tayari kumdaka.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kisha jua likawaka. Anatole, mfyatuaji wa matofali, aliupapasa mwamba kwa kiganja.

“Papa, iko kavu?”

“Iko kavu sana. Panda, mwanangu.”

Olga akapanda. Akashika jiwe lililochomoza kama sikio, karibu na kilele. Sikio likakatika.

Anatole alimdaka, wakaanguka wote wawili. Kiwiko cha Olga kilitoka damu. Hakulia. Aliutazama tu mkono wake, uliokuwa bado umeshika kipande cha mwamba. Anatole akakichukua. Nje kilikuwa cheupe, kikavu. Ndani kilikuwa cheusi na chepechepe, kama tofali lililotoka sasa hivi kwenye kalibu.

“Jiwe inakunywaka maji?” aliuliza. “Kule kwetu Fizi, jiwe ni jiwe.”

Afande Goreti alisikia kishindo, akaja mbio. Alikuwa askari wa kambi ya Mbarara, aliyefundisha wenzake kupanda miamba. Siku hiyo alikuwa amekuja kumtembelea dada yake hapo kijijini. Alikifunga kiwiko kwa leso, kisha akachimbua udongo chini ya mwamba. Ukamganda vidoleni.

“Ona, mzee. Juu iko kavu, chini iko na maji. Na jiwe ni hivyo hivyo. Hii ni mchanga tu imeshikana. Maji ikiingia, inalegea.”

“Tungoje mpaka lini?”

“Mpaka udongo ya chini iwe kama unga. Pengine siku moja, pengine tatu. Upande ya kivuli inachelewa. Wewe unachoma tofali kama haijakauka?”

“Hapana.”

“Sasa mtoto ulimpandisha kwa nini?”

Anatole akainama, akauchota udongo ule, akauminya kiganjani.

Jumapili iliyofuata, baada ya mvua nyingine, alichimba. Udongo ukashikana.

“Papa Olga anatafuta mihogo,” vijana waliopita wakacheka.

Akamshika bintiye mkono, wakarudi nyumbani. Jua lilipowaka siku kadhaa, alichimba tena. Udongo ukamwagika kama unga. Olga akapanda kwa upande mwingine, maana sikio halikuwepo tena. Akasimama kileleni.

Jioni ile Anatole alikitoa dirishani kile kipande cha mwamba alichokuwa amekiweka pale tangu Olga aanguke; sasa kilikuwa kimekauka. Alijaribu kukivunja kwa mikono miwili, kisha kwa goti.

Hakikuvunjika.