Parapanda ya Njia ya Misafara

Apa hutamwambia mtu. Mimi niliapa pia, lakini mdomo unaniwasha.

Shoga yangu Agnetha anaishi Usinge. Mhubiri mmoja mgeni aliwatangazia huko kwamba unyakuo umefika, na tangu hapo kila magharibi parapanda ikawa inalia porini. Mumewe, Anselm, akagoma kupanda mahindi. "Mama Gerson, tutakula mbinguni," akasema, na mvua ndiyo hiyo inapita.

Jioni moja Agnetha alikwenda kuokota kuni, giza likamkuta kwenye njia ya zamani ya misafara. Parapanda ikalia karibu, nzito, mpaka kifua kikamtetema. Akanyatia. Kumbe mhubiri, kavimbisha mashavu, mdomoni tarumbeta la kanisa la Wamoraviani lililopotea tangu Pasaka, lile la kupigia makaburini alfajiri ya sikukuu hiyo!

Agnetha alimpokonya, akapiga yowe. Kijiji kikaja na tochi, Anselm mbele.

"Haya, Baba Gerson, parapanda yako hii hapa! Kesho jembe!"

Watu wakaangua kicheko. Mara kikakatika. Mhubiri alikuwa amepiga magoti. Tarumbeta lilikuwa bado mkononi mwa Agnetha, na kule njiani, gizani, parapanda ilikuwa inalia, ikizidi kusogea.