Nilivyoisikia Sauti Yangu Redioni Ikitangaza Moyo wa Kinda

Nilikuwa napaka jeli kifuani mwa mgonjwa niliposikia sauti yangu mwenyewe ikitoka redioni.

Sitanii, jamani. Mdomo wangu umefungwa, mkono umeshika kipimo, na sauti yangu iko nje kwenye redio ya mlinzi... inaongea!

"...baba watoto, nakuomba, waambie wenzako wamwache huyo kijana. Hana tatizo la msuli. Nimempima kwa mikono yangu. Ukuta wa moyo wake umekuwa mnene, akicheza dakika tisini anaweza kudondoka palepale asiamke..."

Mtangazaji akacheka kidogo. Akasema wasikilizaji wamesikia wenyewe, simu ziko wazi, tujadili.

Mzee niliyekuwa nampima akageuza shingo kitandani.

"Binti, hiyo si sauti yako?"

Nikamwambia alalie ubavu wa kushoto na avute pumzi. Yeye alivuta. Mimi yangu ilikuwa imekatika.

Sauti ile niliituma kwa mtu mmoja tu hapa duniani. Mume wangu!

Ngoja niwarudishe nyuma, maana najua wengine mmeshaanza kunihukumu. Hukumuni, lakini mkiwa na habari kamili.

Mimi kazi yangu ni kupima mioyo hospitalini. Mashine, jeli, picha, karatasi. Nikimaliza nampelekea daktari, yeye ndiye anayeongea na mgonjwa. Mimi siruhusiwi kutoa majibu hata kama naona kila kitu kwenye kioo.

Mume wangu ni fundi friji. Ila huko mtaani hakuna anayemwita fundi, wote wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu tawi la mashabiki wa timu yao liko kwenye karakana yake, mbele ya nyumba yetu. Viti vya plastiki, televisheni, mafriji mabovu yamegeuzwa meza, na spika moja kubwa inayonitikisia vyombo jikoni.

Na wana utaratibu wao, wanauita zamu ya wasiokuwepo. Shabiki aliyebanwa kazini anatuma sauti kwenye simu ya Mwenyekiti. Simu inalala mezani, imechomekwa kwenye spika. Jioni Katibu wao, mzee mshona viatu, anabonyeza sauti moja baada ya nyingine, na tawi zima linabishana na mtu ambaye hayupo. Ukisikiliza kutoka jikoni utadhani wanagombana na mizimu.

Sasa msimu huu wakasajili mshambuliaji wa miaka kumi na tisa. Wakamwita Kinda. Mechi ya kwanza mabao mawili. Mume wangu siku ile alinikumbatia kwa nguvu kuliko siku ya harusi yetu, na sisemi kwa wivu, nasema ukweli.

Halafu Kinda akapotea. Klabu ikasema ni msuli.

Wiki ya kwanza wakamwonea huruma. Wiki ya tatu wakamgeuka. Muuza magazeti akasema kijana amesaini, amepata alichotaka, sasa amelala. Mwalimu wa hesabu akaja na daftari, akathibitisha kwamba hakuna msuli wa binadamu unaochukua siku ishirini na tatu kupona. Kinyozi akaapa amemwona Kinda akicheza muziki harusini. Kinyozi huyo anaona kila kitu mjini isipokuwa nywele anazobakiza visogoni mwa watu.

Na aliyekuwa mbaya kuliko wote? Mume wangu. Ndiye aliyechora bango la kitambaa, kwa rangi ya kupaka mafriji: MSULI GANI HUO?

Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nalia, na haikuwa vitunguu peke yake. Kwa sababu wiki moja kabla ya bango hilo, Kinda alikuwa amelala kwenye kitanda changu cha kupimia.

Alikuja amevaa kofia hadi machoni. Kumbe kilichomtoa uwanjani ni kizunguzungu mazoezini, si msuli, na hatimaye klabu ikamleta kimyakimya. Nikapima. Nikarudia. Nikarudia tena, nikitamani mashine iwe imekosea.

"Dada, vipi?"

"Majibu atakupa daktari."

"Uso wako kama umeona kitu."

"Huu ndio uso wangu, nilizaliwa nao."

Akacheka. Kijana ana meno meupe na mwanya katikati. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, hivyo akaandika barua jioni, mhudumu akampelekea Kinda bahasha yake, na akapangiwa kurudi Alhamisi aelezwe vizuri.

Alhamisi hakutokea. Jina lake lilibaki kwenye orodha bila alama. Ijumaa daktari akasafiri kikazi. Na klabuni, nilikuja kuelewa baadaye, Kinda aliwaambia tu kwamba majibu bado, ila kizunguzungu kimeisha na yuko tayari kucheza.

Jumatano iliyofuata tawi likaenda uwanja wa mazoezi. Watu arobaini kwenye uzio, na bango. Walimwimbia kijana kwamba ni mvivu, saa nzima. Mume wangu aliporudi alinionyesha picha kwa furaha. Kinda amesimama upande wa pili wa uzio, anacheka na mwanya wake, ameinua dole gumba.

Alhamisi alasiri ikatangazwa: Jumamosi dhidi ya watani, Kinda anaanza.

Wapendwa, nilihisi nachanganyikiwa. Nilimpigia daktari mara sita, simu haipatikani. Nilizunguka korido ya hospitali kama nimepoteza mtoto. Mkuu wangu wa kitengo alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, hatua kumi kutoka nilipo, na sikuingia. Niliogopa ataniuliza kwa nini nafuatilia mgonjwa asiye wangu. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni nikajibanza stoo, katikati ya maboksi ya glavu, nikamtumia mume wangu ile sauti. Nilifikiri Mwenyekiti akisema basi, mashabiki watatulia, na kijana atapata nafasi ya kusema hawezi kucheza.

Hakujibu. Jioni nilichelewa kutoka, nikamkuta ameshalala, au amejifanya amelala. Asubuhi akaondoka kabla sijaamka.

Halafu ndiyo redio.

Mchana ule nilirudi nyumbani nikiwa na barua ya kujieleza mkononi na nimesimamishwa kazi. Mkuu wa kitengo hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema neno moja tu, "Mlango wangu ulikuwa wazi."

Nilimkuta mume wangu karakanani anafungua injini ya friji. Nikammwagia yote. Kwamba ameniuza kwa ajili ya mpira. Kwamba nilimwamini kama mke anavyomwamini mumewe, akanigeuza kipindi cha redio. Niliongea mpaka koo likakauka.

Yeye akafuta mikono kwa kitambaa.

"Nisamehe, mke wangu."

Basi! Hakuna maelezo, hakuna utetezi. Hilo likanichoma zaidi. Nikatupia nguo zake kwenye begi la mazoezi, lenye nembo ya timu yake hiyohiyo, nikamwambia akalale na mashabiki. Akalibeba, akahamia karakanani.

Jumamosi Kinda hakucheza. Timu ilifungwa moja bila. Mtandaoni nusu ya watu walinitukana mimi, nusu wakamtukana yeye, na wengine wakapata nafasi ya kututukana wote wawili kwa pamoja. Sikuweza kukaa. Nilifua mapazia safi. Nilikaa, nikasimama, nikaangalia simu, nikaiweka, nikaichukua tena.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Katibu, mshona viatu, kofia mkononi.

Hakutaka kuingia. Alisimama kizingitini akasema, "Shemeji, sauti yako niliibonyeza mimi."



Akaeleza. Alhamisi ile mume wangu alikuwa juu ya bati anageuza dishi. Simu iko mezani, imechomekwa kwenye spika kama kawaida. Sauti zimeingia saba. Katibu akabonyeza ya kwanza, ya pili, ya tatu... macho yake hayasomi majina vizuri. Ya nne ikawa yangu! Mume wangu aliisikia akiwa juu. Aliruka kutoka kwenye bati, akateguka kifundo cha mguu, akachomoa waya. Lakini nilikuwa nimeshamaliza sentensi, na kuna mtu alikuwa anarekodi, ndiyo iliyofika redioni.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema akikuambia, itabidi aseme na lile alilokuonya."

 Na kweli alinionya, jamani. Tena si mara moja. Aliniambia ukiwa na la nyumbani jioni, nipigie, usinitumie sauti, simu hii jioni ni ya tawi. Nilijua! Naisikia spika ile kila siku ya maisha yangu. Alikuwa na haki ya kunigeuzia lawama yote, akaimeza, akabeba begi huku anachechemea. Na mimi, kwa hasira, sikuona hata kwamba anachechemea.

Nilitoka mbio hadi karakanani kumwomba radhi. Nikamkuta hayuko peke yake.

Kwenye kiti cha plastiki, kofia hadi machoni, amekaa Kinda.

Mikononi ana bahasha ya hospitali yetu. Nikaangalia gundi yake. Haijafunguliwa!

"Niliogopa," akasema. "Nikajiambia nikicheza vizuri Jumamosi, sitahitaji kuifungua."

"Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Nilijua Ijumaa, dada. Nilikuwa kwa kinyozi. Redio ikasema, kinyozi akazima mashine, watu wote wakanigeukia. Nilijua pamoja na wao. Mama yangu alisikia akiwa sokoni, kabla sijampigia."

 Siku zote zile nilidhani kijana anaificha siri, kumbe siri yenyewe hajapewa. Aliniuliza mimi, akiwa amelala kwenye kitanda changu, nikamjibu kwa utani kuhusu uso wangu. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, mdogo wangu, Alhamisi usikose, njoo na mtu wako. Hilo linaruhusiwa! Sikulisema. Nikaja kumwambia mtu mwingine, kupitia simu iliyochomekwa kwenye spika.

"Nisamehe," nikasema.

"Watu wanasema umeniokoa. Siku moja labda nitakushukuru. Leo bado." Akaninyooshea bahasha. "Nisomee. Polepole. Kama vile hakuna aliyeisikia."

Mume wangu akazima simu yake. Akachomoa waya wa spika, akauzungushia mkononi, akatoka nje akichechemea na kuuvuta mlango.

Nikaketi kwenye friji bovu nikafungua barua. Nikasoma mstari mmoja mmoja, sauti ya chini. Lile neno la ukuta mnene lilikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na mengine. Kwamba kuna dawa. Kwamba kuna vipimo vya kurudia. Kwamba aache mpira wa ushindani kwa sasa, na daktari anataka kukaa naye na familia yake kupanga maisha yake, maana maisha yapo.

"Maisha yapo?" akauliza. "Imeandikwa hivyo?"

Siku mbili nzima kijana alikuwa anasubiri kufa. Redio haikusema hayo ya chini kwa sababu mimi sikuyasema.

Nikamgeuzia karatasi. Akaweka kidole chini ya mstari ule, akausoma mwenyewe, akausoma tena. Halafu akavua kofia, akalia kama mtoto, na mimi nikalia naye.

Jumatatu tulikwenda hospitali wote. Yeye na mama yake kwa daktari, aliyekuwa amesharudi safarini, mimi na barua yangu ya kujieleza kwa mkuu wa kitengo. Bado nasubiri uamuzi, na wakinifukuza sitabisha. Begi la mume wangu limerudi chumbani. Tawi lilifuta zamu ya wasiokuwepo, na lile bango wakalikata vipande vya kufutia mafuta ya friji.

Mkitaka somo, ni hili tu. Habari ya mwili wa mtu ina mwenyewe. Kabla hujaituma, hata kwa mume, hata kwa nia njema kiasi gani, jiulize kama mwenyewe ameshaambiwa. Mimi sikujiuliza.